Shimo Nyuma ya Jiko

Sikuwaona. Asubuhi niliwahesabu kwa nyayo:
saba, labda wanane. Tope la Koboko halidanganyi,
hukanyagana tu.
Mwanambuzi wa Ezaru, yule wa doa shavuni,
tulimkuta kwenye migomba, nzi wameshatangulia.

Onzima akaja na kikopo mfukoni.
"Kijiko kimoja kwenye utumbo," akanong'ona,
"na kesho utalala."
Nikawaza kuku wa jirani, nikawaza kunguru,
nikamwaza Ezaru, miaka sita, mwokota kila kilichoanguka.
Sumu haina macho, Onzima. Rudi nayo.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji
na hasira, na kitenge chenye damu.
Ana daftari la shule, jalada lina twiga.
Akaandika yote, hata lile doa.
Akampigia daktari wa mifugo.
"Alhamisi," simu ikakoroma. "Sindano ninazo.
Wenye mbwa wawalete kwa kamba.
Wasio na mwenyewe, niachieni mimi."

Siku mbili ni ndefu kwa mwenye mbuzi.
Nikakata miiba, nikaifunga kwa waya wa baiskeli,
mbuzi nikawalaza ndani, tukanuka wote.
Ezaru nikamfundisha: usikimbie.
Simama kama nguzo ya umeme, mikono kifuani,
usimtazame machoni, rudi nyuma taratibu.
Akikuuma, hata akikukwaruza tu, usinifiche:
sabuni na maji, maji mengi, mpaka uchoke kulia,
halafu hospitali, siku hiyohiyo.
"Hata kama ni Krismasi?"
Hata kama ni Krismasi.

Alhamisi daktari akafika kwa pikipiki,
boksi la barafu limefungwa nyuma kwa mpira.
Hakuuliza mbwa wanatoka wapi.
Alizunguka nyumba, pua mbele,
akasimama nyuma ya jiko langu.

Mimi huuza mulokoni, supu ya kwato. Mwaka wa tisa huu.
Mifupa huishia pale,
kwenye shimo ambalo kila Jumamosi
nasema nitalifukia.

Daktari hakusema neno.
Onzima naye hakusema, ingawa alitaka, niliona.

Kando ya shimo alilala jike mmoja,
sikio limechanika, matiti yamejaa.
Daktari akamtia kitanzi polepole, akamdunga,
akampaka rangi ya kijani mgongoni.
Mimi nikachukua jembe.

Kila nilipomwaga udongo alinitazama
kama mteja aliyekuta duka linafungwa
na hajaambiwa.