Kipimo cha Ukuta

Nimefika Kilimatinde na futi kamba na daftari,
na barua yenye mhuri: pima ngome, andika kilichosalia.
Agosti. Upepo unapanda kutoka Bahi
umebeba chumvi, unanilambisha
kabla hujanikaribisha.

Ukuta wa kaskazini: mita kumi na tisa, nukta nne.
Wa mashariki umelala.
Nimeupima ulivyolala,
kama anayempimia maiti sanda.
Matundu ya bunduki ni matano; katika moja
mjusi ananitazama, bado yuko zamu.
Pembeni mchanga umejilundika hadi dirishani,
una mikunjo kama kanga iliyovuliwa gizani.
Nauchota. Sijui upi uliletwa na upepo
na upi, juzi tu, ulikuwa ukuta.

Sechelela amenishikia ncha ya pili ya futi.
Hakuuliza ujira. Aliuliza:
"Mkishapima, mnafanyaje?"
Nikasema, tunahifadhi.
Akacheka, akajifuta vumbi mdomoni.
"Basi njoo upime na kule."

Kule ni mto. Yaani njia ya mto:
mchanga mtupu, bonde zima,
na malori mawili, la tatu linateremka kwa gia ndogo.
Vijana wanapakia. Ndahani, mwanawe,
hanyanyui uso; tripu moja ni unga na vocha,
na Dodoma wanajenga hata usiku, taa zinawaka.

"Huu mchanga ndio mtungi wetu."
Amepiga magoti, anafukua.
Zamani kiwiko kikizama, maji.
Leo mkono umeingia hadi begani,
shavu limelala chini kama anayesikiliza,
na alichotoa ni ngumi yenye unyevu.
Akaifungua mbele yangu. Akaifumba tena.

Babu wa babu yake alibeba mawe ya ile ngome, kichwani.
Nilingoja kisa. Hakukuwa na kisa.
"Aliyebeba hakulala ndani," akasema,
akaenda kutafuta kata yake.
Nami nina chumba Dodoma, ghorofa ya pili,
plasta mpya, bado inanuka. Sikumwambia.

Usiku nilipanga hesabu kwa taa ya simu.
Kaskazini, kumi na tisa nukta nne.
Mashariki, umelala.
Chini yake, pasipo na safu, nikaandika:
Mto. Kina: mkono wa mwanamke, hadi begani.
Mkuu wa idara ataikata kwa kalamu nyekundu,
na atakuwa na haki; sikuulizwa mto.

Basi halikuja. Nikaomba lifti.
Ndahani akanivuta juu ya shehena,
nikakaa juu ya mchanga uliotoka chini kabisa,
wa baridi, suruali ikalowa.
Tulipoipita ngome sikugeuka.
Nilikuwa natazama barabara nyuma yetu:
mstari mwembamba, mweusi, juu ya lami,
matone,
hadi Kintinku, hadi Bahi,
jua likiyafuta moja moja
kabla sijamaliza kuyahesabu.