Kiti Namba Arobaini na Mbili

Kwenye kioo cha simu kimewekwa juu ya kitambaa cheusi
kama maiti ya mtu mwenye cheo.
"Kiti cha mtemi. Ukerewe. Zaidi ya miaka mia.
Uhalisi umethibitishwa."
Mnada unafungwa Ijumaa, saa nne usiku.

Mimi nauza betri za saa hapa Kirumba,
mambo ya watemi siyajui.
Lakini mguu ule wa tatu naujua,
ulivyoingia ndani kidogo
kama goti la mtoto aliyebanwa na mkojo.

Nikaivuta picha kwa vidole viwili.
Nikavuta tena, mpaka mbao ikawa punjepunje.
Pale: alama nyeusi, hilali,
mama alipotua sufuria ya moto
akikimbilia dagaa juani, mvua imeshafika kisiwani.
Na chini ya kikalio, kichwa cha msumari wa mtumbwi.
Baba alisema gundi haishiki.
Hela ya gundi haikuwapo.

Bahitwa wa Murutunguru hakumchongea mtemi yeyote.
Aliuchongea mgongo wake.
Kiti kiliondoka mwaka wa karo yangu,
kwa elfu nane na koti.

Milioni moja. Moja na nusu.
Mtu wa mbali anayejiita Simba wa Theluji: mbili.
Kizuri chajiuza, wanasema.
Hiki kilikuwa kinauzwa na kibandiko.

Alhamisi nikaandika, nikifuta, nikiandika:
Kiti hiki si cha kale. Fundi wake ni baba yangu.
Tazameni msumari, ni wa kiwandani.
Nikaambatisha picha ya ndugu yake,
nimemnunua Mwaloni kwa shilingi mia mbili,
amelala juu ya kiganja changu.

Simba wa Theluji akajitoa. Wengine wakamfuata.
Muuzaji akafuta "mtemi", akafuta "mia",
akabakiza "kiti, mbao, kimetumika",
bei ikaanza upya toka chini.
Ijumaa, saa nne kasoro dakika moja,
nikaweka laki na ishirini.

Hakuna aliyenijibu.

Kimefika leo kwa basi la asubuhi,
ndani ya nailoni yenye mapovu.
Nimekigeuza. Msumari upo. Hilali ipo.
Wamekisugua kwa mafuta yanayonukia limau,
harufu ya nyumba ambayo sikuwahi kualikwa.

Nyanzobe, jirani yangu auzaye vocha,
ameuliza kama nilisema kweli kwa kuwa ni kweli
au kwa kuwa nilijua bei itashuka.
Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga.

Kisha nikakaa.
Mguu wa tatu ukalia, kwii,
kama ulivyokuwa ukilia
baba akijiinamia
kabla ya kusema hapana.