Boti ya Saa Mbili

Bamvua likishajaa, maji yakawa shinani,
Boti ya mbili hupaa, yaingia Mkoani,
Abiria washangaa, simu ziko dirishani;
Baadaye, kwa hadaa, wimbi lafika jikoni.

Mnazi wa mwana wangu, kitovu chake ki pale,
Umeinama, mwenzangu, mizizi nje kama nywele.
Viroba vya unga wangu nilijaza mawe tele;
Leo, chini ya ukungu, povu tu, jeupe vile.

Nahodha ndiye Machano, mtoto wa tumbo hili.
Hunipungia mkono, kisha honi, mara mbili.
Nami humwonesha meno, vyungu vikenda kwa mbali.
Ningesema, ila neno lakwama: ni wake wali.