Maelekezo kwa Anayelichukua Pijo

Usiliwashe bado, Nkuwi. Kaa kwanza.
Kiti hicho kinataka mzoeane: upande wa kushoto
kuna springi inayochoma, niliiziba kwa gunia
mwaka ule zabibu za Mpunguzi zilipokosa mnunuzi.

Gia iko hapa, kwenye usukani.
Ya kwanza ivute kwako, kisha ishushe. Usiilazimishe.
Inakataa mara moja, ya pili inakubali.
Ndivyo lilivyo, si ubovu.

Choki: nusu.
Sikiliza. Nusu.
Ukiivuta yote utalilevya kwa petroli
nawe utakaa barabara ya Kondoa ukinusa
mpaka jua likuvuke utosi.

Nililinunua kwa daktari wa Mvumi aliyekuwa anarudi kwao,
shilingi elfu kumi na mbili, kwa mafungu saba,
mshahara wa mkunga.
Watu walimuuliza mume wangu, "Ndahani, umenunua gari?"
Akajibu, "Mimi? Mimi nimeolewa na mwenye gari."

Hakujifunza kuendesha hata siku moja.
Kazi yake ilikuwa tochi.
Usiku niko chini, mgongo mavumbini,
spana namba kumi na tatu mkononi,
naye anamulika, ila anamulika anapotazama yeye
si ninapokaza mimi:
mwanga unatoka kwenye nati, unapanda begani,
unatulia usoni mwangu.
Nikimfokea anasema, "Mkono umeteleza."
Miaka ishirini na sita mkono unateleza.

Rejeta inavuja kidogo. Dumu la maji lisikose garini,
na kifuniko usikifungue likiwa na hasira;
kovu hili la kiganjani ni la Kibaigwa, saa saba mchana.
Tangi likitoboka, sabuni ya mche, ikandike kwa kidole, itakufikisha.
Gasketi hazipatikani. Fundi Salanga wa Kizota
anazikata kwa mkasi kwenye boksi la biskuti,
na kabla ya kukata husoma kwanza maandishi ya boksi, yote,
sijui anatafuta nini.

Kiti cha nyuma nimezalishia watoto watatu.
Wa kati walimwita Pijo. Sasa ni mwalimu, yuko Bahi,
hapendi kuulizwa.
Ile alama haitoki. Nimejaribu magadi, nimejaribu mafuta ya taa.

Kuna miaka petroli ilikuwa habari ya kusimuliwa tu.
Kuku akaingia chini ya boneti, akataga mayai tisa.
Siku tuliyopata lita kumi kwa mtu wa reli
Ndahani akasema tungoje aangue.
Tukangoja.

Unasema utalipamba maua, utabebea maharusi
kule Mtumba kwenye lami mpya.
Sawa. Lipake rangi uitakayo.
Ila mlango wa abiria haubamizwi:
unauinua kidogo, kama unavyomwinua mgonjwa,
kisha unausukuma kwa nyonga.
Mwambie bibi harusi. Au ufunge wewe.

Mimi? Jicho la kulia lina mtoto wa jicho.
Juzi niliona mbuzi wawili njia ya Ipagala,
nikapita katikati yao.
Alikuwa mmoja.
Nashukuru alikuwa na akili kunishinda.

Fedha nimehesabu. Kadi hii hapa, nimeibandika gundi mara mbili.
Jeki chukua. Hendeli chukua, siku ya betri utanikumbuka.
Dumu chukua.
Tochi iache.
Tochi haikuwa kwenye bei.

Haya. Nenda.

Limezima getini.
Nimekalia mikono yangu yote miwili.
Naona mgongo wako umeinama, unapapasa,
unageuka kunitazama.
Sisemi kitu.

Nusu, kijana.
Nusu.