Koili ya Siyu

Mweka hazina, Shekuwe Famau, aliniuliza mbele ya watu,
daftari mkononi:
Fundi Mwanakheri, hili dubwana la shaba hufanya kazi gani?
Nikasema kweli. Siku nyingi, halifanyi.
Wakacheka. Bei ya mbuzi sita, na halifanyi!

Sikuwalaumu.
Umeme wa Amu mjini huenda ukarudi,
mara mia kwa sekunde hugusa sifuri,
na cheche ikizuka, swichi huivizia papo hapo,
ikaizima imeishiwa pumzi.
Wetu huu wa sola ni mkondo mnyoofu.
Ukishika njia umeshika.
Hauna sifuri. Hauna pa kuuvizia.

Basi usiku wa Jumatano
punda wa kina Mwanasheti alijikuna kwenye nguzo nyuma ya ngome,
pale waya ulipoliwa na chumvi.
Chanya ikaikumbatia hasi.
Betri zote, kapasita zote, zikasikia mlango u wazi,
zikamwagika
kama watoto wa chuo walioambiwa tokeni.

Swichi yangu si mvivu, ila nayo ina haki ya kushtuka:
yataka milisekunde nne kujua, kuamua, kufunguka.
Nne. Ukianza Bismillahi,
midomo bado haijaachana kwenye B yake.
Pasipo kitu cha kati, nne hizo
ni ampea elfu tatu, na shaba yamiminika kama samli.

Koili haikuukataza umeme. Haina ubavu huo.
Iliuambia tu: haya njoo, lakini usije wote mara moja.
Ukapanda kama mgonjwa apandavyo ngazi za orofa,
na ulipofika mia tatu na kitu
swichi imekwisha amka.
Tak.

Punda alirusha mateke mawili akaenda zake.
Mtaa mmoja ukawa giza, huo tu.
Friji ya zahanati ikaendelea kunguruma juu ya chanjo zake,
na kwa Abubakari Kupi
cherehani ya makubadhi haikuruka hata tundu.

Nilifika na tochi, koleo, utepe wa mpira.
Nikaweka kiganja juu ya koili:
vuguvugu, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Mwezi uliofuata kamati ikakaa tena.
Shekuwe akalamba kidole, akafunua ukurasa:
Lile dubwana, limefanya kazi mwaka huu?
Maneno yalinijaa mlangoni, yote kwa pamoja.
Nikameza mate.
Kidogo, nikasema. Milisekunde nne.
Akaandika.