Mgongo wa Kabati

Mwalimu Shaame aliingia na mkoba wa ukili
umejaa karatasi, mia na ushei,
fotokopi za nguzo moja ya mawe iliyoko Roma.
Tukazigandisha ncha kwa ncha kwa uji wa muhogo,
adhuhuri nzima, vidole vikinata.

Kisha akatwambia: shikeni, mtoke.
Tukatoka. Tukapita ofisini, tukapita vyooni,
tukalizunguka tangi la maji la skuli yetu ya Wete,
na hadithi bado inakunjuka.

Nguzo yenyewe, alisema, ni minazi miwili iliyobebana,
na vita vyote vimeviringwa juu yake
mizunguko ishirini na kitu,
kama kilemba cha bwana harusi.

Mimi nilipangiwa mto.
Mto ulikuwa mtu mzima, kifua wazi, ndevu zachuruzika,
ameinuka majini kutazama askari
wakivuka daraja la mashua zilizofungwa ubavu kwa ubavu.
Nilimshika kwa vidole viwili, nikiogopa kumtia mkunjo.

Kaisari alikuwa kwa Rukia. Akatokea tena kwa Mbarouk,
tena kwa Time, tena kwa wale mapacha wa Jadida:
mtu mmoja, kila mahali, hachoki kuhutubia.
Na kule mwisho, karibu na lango, Zuwena alimshika
mfalme wa walioshindwa, amepiga goti chini ya mti,
kisu chake mwenyewe shingoni.
Zuwena akaigeuza karatasi.
Mwalimu hakumgombeza.

Makame seremala alikuwapo siku ile
kwa kazi ya madawati. Akaweka randa chini,
akaifuata karatasi yote, hatua kwa hatua,
penseli sikioni. Hakuuliza habari za wafalme.
"Wanaochimba na kujenga," alisema, "wengi kuliko wanaopigana."
Akagusa kiatu cha askari, ukanda mwembamba kama uzi.
"Huyu yuko wapi kwenye nguzo?"
"Juu kabisa."
"Juu huko aona nani?"
Mwalimu kimya.
"Na fundi, jina lake?"
"Halijulikani."
Makame akacheka kwa pua. "Basi alilipwa kwa siku."

Mvua ya vuli haikutupa nafasi ya kukunja.
Tulikimbia tumeinua vita vichwani,
jongoo mrefu wa sare nyeupe,
wino ukatuchuruzikia viwikoni,
na mto wangu ukaniishia mkononi, ukawa maji tu.

Hayo ya zamani. Mwaka jana tulikwenda kupaka rangi,
sisi wazee wa wanafunzi sasa,
tukalisogeza kabati la vitabu, watu wanne, kwa tabu,
lile alilotengeneza Makame muhula uleule.
Mgongoni, upande wa ukuta,
watu wadogo, urefu wa kidole gumba,
wanapanda kutoka pembe ya chini:
huyu na kikapu, huyu na sururu, huyu na ubao begani,
watoto wameshika kitu kirefu wakizunguka tangi,
mmoja ameipa kisogo karatasi yake.
Pana mto. Una ndevu.
Na juu kabisa, chini ya ukingo,
ambako mchoraji yeyote angepumzika,
kiatu, na misumari yake mitatu.

Tulikaa sakafuni hadi rangi ikaota utando koponi.
Mtu akauliza, tuligeuze?
Makame hayupo wa kuulizwa.
Tukalirudisha lilivyokuwa,
polepole, bila kulikwaruza,
mgongo ukutani.