Sakafu, Karafuu, Barafu

Nilipewa mlango usio na nyumba, nikaambiwa: linda.
Vyuma vyake vya kitanda kilichotupwa na hospitali ya Wete,
wavu wake chandarua kilichochoka.
Mbu walipita watakavyo. Kazi yangu kisipite
kile kisahani tulichokata kwenye tairi la lori.

Barafu hatukuwa nayo.
Tulikuwa na sakafu ya Bi Tumu ya kuanikia karafuu,
saruji iliyolainika kwa miaka ya nyayo na majamvi,
na viatu vya magurudumu jozi tisa
kwa watu kumi na mmoja.
Wawili walikaa ukingoni pekupeku
kama waliopanga ndoo kwenye mfereji uliokatika maji.

Magongo ya mpera. Kinga za magoti za makumbi,
alizoshona Mize huku akitucheka
mpaka sindano ikamchoma kidole.
"Mchezo wa barafu! Na barafu yenyewe
mnayoijua ni ya ukwaju, ya mfukoni, ya shilingi mia."
Kweli.
Tuliijua kwa meno.

Msimu ukifika Bi Tumu alitutoa kwa neno moja:
"Karafuu."
Tukavua magurudumu, tukapanda.
Kombo, nahodha, ambaye chini hakwenda hatua tano bila kuanguka,
kule juu alisimama kwenye tawi jembamba kuliko mkono wake,
akachuma kwa mikono miwili, akipiga chafya.
Nilimtazama nikasema moyoni:
huyu mizani anayo, ila kaisahau mtini.

Halafu ikaja barua. Mashindano ya mataifa ya mwisho,
yale ambayo kwenye orodha hukaa chini ya mstari.
Fomu iliuliza: Taifa?
Faki akaandika, akafuta, akaandika tena.
Karatasi ikatoboka papo hapo.
Tukaituma na tundu lake.

Sitaitaja nchi, sijaweza kulitamka jina lake.
Nasema tu kwamba tulipoikanyaga ile sakafu yao nyeupe
tulianguka sote kwa pamoja,
pakacha limekatika kamba.
Baridi iliniingia puani kama mtu mwenye haraka.
Wakaanza kufunga.
Nilihesabu kama ninavyohesabu pishi: moja, mbili, tatu...
kwenye tisa nikaacha,
maana pishi hulipwa.

Ishirini na mbili kwa bure.
Mara moja tu Kombo alipiga, kisahani kikagonga mwamba,
ngaa!
na sisi tukakumbatiana, tukaanguka tena,
hadi mwamuzi akaja kutueleza kwa vidole
kwamba mlio si bao.
Tulijua. Tulikuwa tunakumbatia mlio.

Baadaye mlinda mlango wao, pande la mtu, ndevu rangi ya kutu,
alikuja kunipa mkono, akaishia kwenye glavu yangu.
Akaishika. Akainusa. Akafumba macho.
Ile glavu ililala miezi minne chini ya majamvi ya Bi Tumu.
Akasema maneno marefu, mkalimani akayafupisha:
"Anasema amekumbuka jino lililomuuma utotoni,
na bibi yake, na pamba."
Basi na yeye alitujua kwa meno.
Nikamwambia: hiyo ni sakafu yetu.
Mkalimani akasita, akatafsiri "nyumba".
Sikumsahihisha.

Tumerudi msimu umekolea.
Sakafu imejaa, nyekundu inageuka kahawia,
na mstari wetu wa katikati, wa rangi ya mlango,
unachungulia pale karafuu zilipopungua.
Mize kashika reki, hanitazami.
"Haya, niambie. Barafu ikoje?"

Nilikuwa na mengi. Weupe, mlio, ile tisa.
Nikasema: "Haina harufu."

Akanyamaza kidogo,
akanipa reki,
akaenda kutazama mawingu upande wa Gando.